Uboho wa Óluva

Visiwa vya Faroe, 1846

Majina yalikuwa yamemtoka mmoja mmoja,
kama kondoo waliosahauliwa mlango wa zizi.
Kwanza la mkamwana wake, Marjun.
Kisha la mjukuu. Mwisho la ng'ombe,
ambaye alimwita tu "Wewe," na ng'ombe akaitika.
Ana miaka sabini na mmoja. Uji anakula mara mbili
kwa kuwa hakumbuki kuula mara ya kwanza.

Mwezi Mei mashua ilileta shayiri, chumvi,
na baharia mwenye macho mekundu
aliyepiga chafya tatu mlangoni mwa kanisa.
Baada ya siku kumi na nne kijiji kizima kilikuwa chali.

Mimi ninayesimulia nafanya kazi maabara,
napokea vichupa vya damu ya watu nisiowajua sura,
kwa hiyo mniwie radhi nikiingia ndani bila hodi.

Ndani ya Hanus, miaka tisa, hakuna aliyemjua mgeni.
Walinzi wa mlangoni, wale wasiouliza jina,
walimeza walichoweza, wakafa wamevimba.
Mwili ukawasha moto.
Moto ule hakuuwasha adui. Aliuwasha mwenye nyumba,
aliyeona heri paa liungue
kuliko mgeni alalie kitanda chake.
Na huku kwenye tezi za shingo
chembe elfu kwa elfu zilijaribu funguo zao
katika kufuli lisilojulikana:
siyo huu.
Siyo huu.
Siyo huu.
Siku ya nne vikatoka vipele, mama yake akalia,
asijue kwamba vipele ni habari njema,
ni vumbi la jeshi lililofika ngozini.

Óluva peke yake alisimama.
Alikoka udongo mweusi unaowaka,
akakamua, akabeba ndoo nyumba hadi nyumba
bila kujua ni nyumba ya nani.
Tróndur, jirani, akanong'ona kutoka kitandani:
"Huyu bibi kuna alilolifanya."

Kirusi kilimwingia yeye pia.
Alimpangusa Hanus kamasi kwa kiganja,
kisha akajifuta mdomo kwa kiganja kile kile.
Kikateremka kooni, kikidhani nyumba haina mtu.

Lakini mwaka 1781
mtoto wa miaka sita alilala siku kumi na moja
juu ya godoro la majani makavu,
na nduguye ubavuni hakuamka.
Óluva hamkumbuki tena yule ndugu.
Wala godoro. Wala ugonjwa uliitwaje.

Uboho ulikumbuka.

Katika giza la mfupa wa paja
chembe zilitunza ufunguo ule mmoja,
baridi baada ya baridi, miaka sitini na mitano,
wakati yeye akiolewa, akizaa, akizika,
akianza kuweka chumvi kwenye chai;
na usiku ule kufuli lilipotikiswa
hapakuwa na siyo huu.
Palikuwa na huu.
Hakupata hata joto. Alilalamika tu kwamba miguu inamwasha,
na hiyo ilikuwa soksi mpya.

Hanus alipona. Ila surua ni mwizi wa namna yake,
haiondoki mikono mitupu:
ilibeba daftari zima,
mafua ya mwaka juzi, kikohozi cha Krismasi,
kila somo ambalo damu yake ililipata kwa taabu.
Oktoba nzima alikohoa.
Magonjwa aliyokwisha kuyashinda
yalirudi kubisha, na mlangoni hakuna aliyeyatambua.

Usiku mmoja aliuliza, sauti imekwaruza:
"Bibi, mimi ni nani?"
Óluva alimtazama muda mrefu.
Kisha akampa bakuli la maziwa, bado lina povu.
"Wewe," akasema.
Na Hanus akaitika.